Harold Larwood na Karatasi ya Msamaha

Mwaka 1948, huko Blackpool, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza ambako watu wa viwandani huenda kupunga upepo siku za likizo, kulikuwa na kiduka cha pipi na sigara. Kiduka cha kawaida tu, kama hivi vyetu vya mtaani vinavyouza Big G na viberiti. Ajabu yake ilikuwa moja: mwenye duka hakuweka jina lake mlangoni. Biashara ni jina, si ndiyo? Huyu jamaa alikuwa na jina ambalo lingemjazia wateja mpaka barabarani, na hakutaka mtu alione.

Siku moja akaja mgeni. Jack Fingleton, mwandishi wa habari kutoka Australia, alikuwa amefuatana na timu ya kriketi ya nchi yake. Zamani Fingleton mwenyewe alikuwa mchezaji. Mwaka 1933, katika mechi moja mjini Adelaide, aliambulia sifuri mara mbili, na sifuri ya pili aliipata kwa mkono wa huyu huyu muuza pipi. Sasa alikuwa amekuja kumsalimia.

Muuza pipi ndiye Harold Larwood. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na mtu duniani aliyerusha mpira wa kriketi kwa kasi na shabaha kumzidi. Ilikuwaje akajificha?

Ndugu msomaji, usilitupe gazeti kwa sababu umeona neno kriketi. Najua wengi wetu tunauona huo kama mchezo wa watu wengine. Mimi nimekulia Dar, na kwa miaka mingi nilichokijua ni jamaa zetu wa Kihindi wamevaa nyeupe pale Upanga Jumapili, sisi watoto tuko nje ya uzio tunangoja mpira utoke, tuuokote, tuurudishe, tupewe asante. Wengi huku tuligutuka tarehe 29 Februari 1996, Kenya walipowafunga West Indies kule Pune, India, kwenye Kombe la Dunia. Kenya walipata mikimbio 166 tu, West Indies wakaishia 93. Siku ile hata wale wasiojua wiketi ni mnyama gani walijifanya wataalamu.

Basi kwa kifupi. Mpira wa kriketi ni mgumu, umevalishwa ngozi, uzito wake kama gramu 160. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu na kuvilinda kwa kibao chake. Mrushaji anakuja mbio, anaurusha kutoka umbali wa kama mita ishirini, unadunda chini mara moja kisha unamrukia mpigaji. Ukiangusha vijiti, au mpigaji akiugusa na ukadakwa kabla haujafika chini, ametoka. Hiyo ni wiketi moja kwa mrushaji. Na wakati huo wa Larwood hapakuwa na helmeti. Kichwani ulivaa kofia ya kitambaa, ukamwomba Mungu.

Harold alizaliwa tarehe 14 Novemba 1904 katika kijiji cha Nuncargate, mkoa wa Nottinghamshire, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Shule aliacha ana miaka 13. Alipofika 14 aliingia mgodi wa Annesley, kazi yake kuwaongoza poni, wale farasi wafupi waliokuwa wakivuta vitoroli vya makaa chini ya ardhi. Hebu piga picha: mtoto wa umri wa darasa la saba, giza totoro, vumbi, mnyama mmoja na taa moja. Watu waliokuja kumwona baadaye walishangaa kwamba hakuwa mrefu. Warushaji wa kasi huwa majitu, yeye alizidi kidogo tu mita moja na sentimita sabini. Lakini mabega na mgongo, bwana, vilikuwa vya mgodini.

Kijijini hapo hapo alikuwapo mzee mmoja, Joe Hardstaff, aliyewahi kuchezea mkoa na hata taifa. Alimwona kijana akirusha katika timu ya kijiji, akamtafutia majaribio Trent Bridge, uwanja wa timu ya mkoa, mwaka 1923. Wakampa mkataba. Wengine tunaposoma maisha ya wanamichezo tunapenda kusikia habari za kipaji na ndoto. Kwa Harold naona jambo lilikuwa jepesi zaidi: mpira ulimtoa shimoni. Ukilegea, shimo bado lipo pale pale, linakungoja.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, maana bila hili huwezi kuelewa yaliyofuata. Kriketi ya Uingereza ilikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na wachezaji wa ridhaa, watoto wa wakubwa, waliosoma shule za gharama na Oxford na Cambridge. Na kulikuwa na wachezaji wa kulipwa, yaani makabwela, wanaoishi kwa jasho lao. Wote timu moja, jezi moja. Lakini viwanja vingi vilikuwa na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, na hata milango miwili ya kuingilia uwanjani. Kwenye karatasi ya matokeo, bwana aliandikwa herufi za majina yake kabla ya jina la ukoo. Mlipwaji, kama ziliandikwa, ziliwekwa baada yake. Kila mwaka walicheza mechi kubwa iliyoitwa Mabwana dhidi ya Wachezaji. Onja jina hilo. Kana kwamba bwana akicheza hachezi! Mlipwaji alimwita mwenzake wa ridhaa "Mister". Na nahodha wa taifa alikuwa bwana. Mlipwaji wa kwanza kupewa rasmi unahodha huo katika karne ya ishirini, Len Hutton, aliupata mwaka 1952. Ubaguzi wenyewe wa majina ulikuja kufutwa mwaka 1962. Yaani sisi Tanganyika tumeshajitawala, wao bado wanabishana nani apite mlango gani.

Larwood alianza kuchezea mkoa mwaka 1924, na mwaka 1926 akaitwa timu ya taifa kupambana na Australia katika Testi, zile mechi za nchi kwa nchi zinazochukua siku kadhaa. Mwaka huo ukumbuke. Tangu Mei 1926 wachimba makaa wa Uingereza walikuwa nje ya migodi, wamefungiwa milango kwa sababu walikataa kupunguziwa mshahara na kuongezewa saa. Kule Nottinghamshire watu wa kijijini kwake wanahesabu viazi. Agosti mwaka huo, uwanja wa Oval, London, mtoto wa mchimbaji aliangusha wiketi 6 katika mechi moja na Uingereza wakawanyang'anya Australia ubingwa. Ubingwa huo unaitwa Majivu, kwa ajili ya kijitungi kidogo kinachosemekana kina majivu ndani. Usinicheke mimi, ni wao.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kwake. Mwaka 1927 alioa binti anayeitwa Lois, wakaja kupata mabinti watano. Mara tano katika maisha yake aliongoza orodha ya warushaji wa Uingereza nzima kwa wastani. Nahodha wake wa mkoa, Arthur Carr, bwana wa ridhaa lakini mtu wa watu, alimlinda kama yai na aliamini kwamba mrushaji wa kasi anahitaji bia. Waliokuwa uwanjani wanasema alikuwa akikimbia kimya kimya, kama paka, mpaka mwamuzi aliyempa kisogo hakusikia vishindo vya miguu.

Halafu akatokea Bradman.

Don Bradman alikuwa kijana wa Australia, mfupi, asiyetoka. Hilo tu. Asiyetoka. Mwaka 1930 alikuja Uingereza na katika Testi tano akapata mikimbio 974. Mpaka leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika mfululizo mmoja. Pale Leeds peke yake alipiga 334. Warushaji wa Uingereza, Larwood akiwemo, waligeuzwa wapiga makofi. Lakini mwisho wa ziara ile, pale Oval, mvua ilinyesha, uwanja ukawa na vituko, mpira ukawa unaruka kifuani, na baadhi ya watu waliona, au walidhani waliona, kwamba Bradman hapendi mpira wa kifuani.

Mmoja wa waliolivalia njuga jambo hilo ni Douglas Jardine, aliyepewa unahodha wa ziara ya Australia ya 1932. Mzaliwa wa Bombay, shule Winchester, chuo Oxford, shingoni kitambaa cha hariri. Agosti 1932 ukaandaliwa mlo wa jioni katika Hoteli ya Piccadilly, London. Mezani walikuwa wanne: Jardine, Carr, Larwood, na Bill Voce, mrushaji mwenzake Larwood wa mkono wa kushoto, naye pia alitoka mgodini. Mabwana wawili, wachimba makaa wawili. Jardine akauliza: je, mnaweza kurusha kwa kasi usawa wa mwili wa mpigaji, mpira ukawa unapanda kifuani kila mara, bila kukosea? Larwood akajibu kwamba anaweza.

Mimi nimewahi kuitwa mezani na wakubwa, nikanunuliwa soda, nikaulizwa kama naweza kazi fulani. Nani atasema hawezi?

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mrushaji anaelekeza mpira mwilini. Upande wa nyuma ya miguu ya mpigaji wanapangwa wadakaji sita au saba, wamejikunja karibu. Mpigaji ana mambo matatu ya kuchagua: akwepe, apigwe mbavuni, au ajikinge kwa kibao na mpira umtoke udakwe. Waandishi wa Australia wakauita Bodyline. Sheria za wakati huo hazikuukataza. Lakini kwa mpango huu kufanya kazi, lazima uwe na mtu mwenye kasi ya ajabu na shabaha ya mshona nguo. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Testi ya kwanza, Sydney, Bradman hakucheza, alikuwa mgonjwa. Larwood aliangusha wiketi 10. Ya pili, Melbourne, Bradman alirudi, akatolewa mpira wa kwanza kabisa na mrushaji mwingine, halafu raundi ya pili akapata 103 na Australia wakashinda. Moja kwa moja.

Ya tatu ni Adelaide, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Jumamosi tarehe 14 Januari 1933, watu zaidi ya 50,000 wamejaa. Mpira wa Larwood ukampiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, juu ya moyo. Akadondosha kibao, akashika kifua, anayumba. Kwa haki lazima niseme: mpira ule ulirushwa wadakaji wakiwa wamepangwa kikawaida, haukuwa Bodyline. Jardine akamwambia Larwood kwa sauti kwamba amerusha vizuri. Kisha, Larwood alipokuwa anaanza zamu yake iliyofuata, kwa mtu yule yule ambaye bado anauguza kifua, Jardine akawahamisha wadakaji wote kwenda upande wa Bodyline. Uwanja ulinguruma. Watu walifikiri uzio utavunjwa.

Jumatatu mpira mwingine wa Larwood ulimpata Bert Oldfield kichwani ukampasua fuvu. Oldfield alipopata fahamu alisema kosa lilikuwa lake, aliukosea mpira mwenyewe, na hapo tena wadakaji walikuwa wa kawaida. Lakini nani alikuwa anasikiliza? Jina lililokuwa midomoni mwa watu halikuwa la Jardine peke yake. Lilikuwa la yule aliyeshika mpira.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo palipo na habari yangu. Ndani ya timu ile kulikuwa na mrushaji mwingine wa kasi, Gubby Allen. Mzaliwa wa Sydney, aliyesoma Eton, mchezaji wa ridhaa. Jardine alimwambia arushe Bodyline. Allen akasema hapana, sirushi hivyo. Ikawaje? Haikuwa chochote. Aliendelea kupangwa Testi zote tano na akaangusha wiketi 21 kwa mtindo wake. Alikuwepo pia Nawab wa Pataudi kutoka India, aliyepata 102 katika Testi yake ya kwanza kabisa pale Sydney. Aliambiwa asimame upande wa wadakaji wa Bodyline, akakataa. Baada ya Melbourne hakupangwa tena. Aliumia, ndiyo, lakini alikuwa na jimbo lake la kutawala, na mwaka 1934 timu ya taifa ilimwita tena.

Haya, mweke Larwood hapo. Mtu wa mkataba, ana mke na mtoto, baba mchimbaji. Naye aseme hapana? Aseme kwa nahodha anayeitwa "Mister"?

Sitaki kumpaka rangi ya malaika. Larwood hakuburuzwa. Aliuamini mpango, aliona fahari kumshika Bradman, na alipozomewa aliongeza kasi. Aliandika baadaye maneno makali kuhusu Bradman kuogopa. Waliopigwa walipigwa na mkono wake, si wa Jardine. Lakini agizo na mkono ni vitu viwili, na historia nzima ya kisa hiki ni jinsi watu walivyojitahidi kuvifanya kimoja.

Tarehe 18 Januari chama cha kriketi cha Australia kilituma simu ya maandishi London kusema kwamba mtindo ule si wa kimichezo. Klabu ya Marylebone, MCC, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha timu ya Uingereza, ikajibu kwa kiburi: hatuamini, na kama mnataka tukatishe ziara semeni. Mambo yakaingia serikalini. Australia ilikuwa hoi kwa mdororo wa uchumi na inadaiwa na mabenki ya London. Waziri wa Uingereza aliyehusika na dola zile, Jimmy Thomas, ikabidi ajiingize katika habari za mpira. Mwezi Februari Australia walilifuta lile neno lao. Ziara ikaendelea. Uingereza wakashinda Testi nne kwa moja, wakarudi na Majivu. Larwood: wiketi 33. Wastani wa Bradman ulishuka mpaka 56, ambao kwa binadamu wa kawaida ni sherehe, ila kwake ilikuwa msiba.

Testi ya mwisho, Sydney, ina mambo mawili ambayo naona yanastahili filamu. La kwanza, Jardine alimsukuma Larwood aende kupiga jioni, wakati mbaya, kazi ambayo hupewa mtu asiye na thamani ili wapigaji wazuri wapumzike. Mrushaji amechoka, anataka kupumzika. Akaenda kwa hasira. Kesho yake akapiga mpaka 98. Mikimbio miwili tu kufika mia akadakwa na Bert Ironmonger, mzee aliyejulikana nchi nzima kwa kutojua kudaka! Na umati wa Sydney, wale wale waliomzomea miezi mitatu, ukasimama na kumpigia makofi.

La pili. Akiwa anarusha raundi ya mwisho, mfupa wa mguu wake wa kushoto ulivunjika. Mguu huo ndio unaotua chini kwa kishindo kila anaporusha. Akamwomba Jardine atoke. Jardine akakataa: Bradman bado yuko, akikuona unatoka atapata raha. Basi kibarua akasimama uwanjani, amevunjika, kama sanamu la kutishia ndege shambani. Bradman alipotolewa ndipo akaruhusiwa. Wakatoka pamoja, bega kwa bega, Bradman na Larwood, mpaka chumbani bila kusemezana neno. Ile ilikuwa Testi yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 28.

Unauliza, mguu ndio uliomkomesha? Mguu ulichukua msimu mzima wa 1933, ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Msimu huo huo West Indies walikuja Uingereza, na pale Old Trafford, Learie Constantine na Manny Martindale wakawarushia Waingereza Bodyline nyumbani kwao. Kumbe wakubwa wa MCC, ambao Adelaide walikuwa wameisoma tu kwenye simu, sasa wanaiona kwa macho, na inawapata watu wao. Wakaanza kubadilika rangi. Tena Australia walitarajiwa kuja 1934, na ziara ya Australia ni pesa ya viingilio. Jardine mwenyewe akajiondoa kwamba hatacheza dhidi yao. Akabaki Larwood. Lazima ngoma imalizike, na lazima apatikane wa kulipia ngoma.

Aliyetumwa ni Sir Julien Cahn, tajiri wa fanicha za mkopo, mfadhili mkubwa wa kriketi Nottinghamshire. Akamwita Larwood. Akamwambia kwamba ili apangwe tena timu ya taifa anatakiwa kuwaomba radhi MCC kwa maandishi, kwa jinsi alivyorusha kule Australia. Karatasi ipo, sahihi tu.

Larwood akasema hana cha kuomba radhi. Alirusha alivyoagizwa na nahodha, na nahodha aliteuliwa na hao hao MCC.

Hapa naomba nijitaje kidogo. Niliwahi kufanya kazi ya muda katika ofisi moja hapa mjini, siitaji. Bosi aliniagiza nitoe mzigo bila stakabadhi, akasema atamalizana na wenyewe. Mzigo ukapotea. Nikaitwa, nikaambiwa niandike barua ya kuomba radhi, kazi yangu itakuwa salama. Niliandika. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri kabisa. Bosi mwenyewe ndiye aliyenisahihishia tahajia. Mwezi uliofuata barua ile ndiyo iliyotumika kunifukuza, maana ilikuwa ushahidi kwamba nimekiri. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna mtu aliyeacha mezani jezi ya taifa, umaarufu na riziki kwa sababu ya sahihi moja, sisomi kama mpenzi wa michezo.

Mwezi Juni 1934 alitangaza gazetini kwamba hatacheza dhidi ya Australia. Kuanzia hapo timu ya taifa ikawa ndoto. Carr, aliyemtetea, naye akavuliwa unahodha wa mkoa mwishoni mwa mwaka huo. Sheria zikarekebishwa, Bodyline ikapigwa marufuku. Larwood akaendelea kuchezea mkoa kwa mwendo mfupi zaidi, mguu ukimuuma, na mwaka 1936 aliongoza tena orodha ya warushaji wa nchi. Hawakumwita. Mwaka 1938 akaacha. Hesabu yake: Testi 21, wiketi 78, na kwa mechi zote za daraja la kwanza wiketi 1,427. Halafu vita, halafu 1946 kiduka cha pipi kisicho na jina.

Na Allen? Gubby Allen, aliyesema hapana bila kulipia, alikuja kuwa nahodha wa Uingereza, mteuzi wa timu, mkubwa wa MCC, akapewa cheo cha Sir. Simchukii. Kukataa kwake kulikuwa kwa heshima. Ninachosema ni kwamba bei ya neno "hapana" ilikuwa tofauti kwa kila mlango.

Turudi kwa Fingleton na kile kiduka. Waliongea, na mgeni akampa wazo la ajabu: kwa nini usihamie Australia? Nchi ambayo watu wake walitaka kuvunja uzio wamfikie! Mwaka 1949 MCC walimkumbuka kidogo, wakamfanya mwanachama wa heshima pamoja na wachezaji wengine wa zamani wa kulipwa. Yeye alikuwa tayari anafunga mizigo. Aprili 1950 alipanda meli iitwayo Orontes na mkewe na mabinti wote watano. Meli ile ile, Orontes, ndiyo iliyoipeleka timu ya Jardine mwaka 1932.

Walipofika Sydney walikaa hotelini kwa muda, na bei waliyotozwa ilikuwa nusu ya kawaida. Baadaye ndipo walipojua kwamba nusu nyingine ilikuwa inalipwa kimya kimya na Ben Chifley, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa Waziri Mkuu wa Australia. Chifley kabla ya siasa alikuwa dereva wa treni. Makabwela wanajuana.

Akapata kazi katika kiwanda cha soda. Wala hakuna aliyemzomea. Majirani walimpokea, waliopigwa naye walimtembelea, Oldfield akiwa mmojawao. Mwaka 1977, Testi ilipotimiza miaka mia, walimleta yeye na Voce uwanjani Melbourne, na watu wakawashangilia. Mwaka 1993, miaka sitini baada ya Adelaide, serikali ya John Major, mpenzi mkubwa wa kriketi, ilimpa nishani ya MBE. Alikuwa na miaka 88. Hakuna aliyemtaka tena aandike lolote. Alikufa Sydney tarehe 22 Julai 1995.

Wageni waliokwenda nyumbani kwake pale Sydney walikuwa wakionyeshwa kisahani cha fedha cha kukung'utia majivu ya sigara. Jardine alimpa baada ya ziara ile, na kimechongwa maneno ya kumshukuru Harold kwa ajili ya Majivu ya 1932-33, kutoka kwa nahodha wake.